Mvuto wa gare: kwa nini reli peke yake haijengi kartiye

Mvuto wa gare, yaani stesheni ya treni, ni mabadiliko ya bei ya ardhi, ya makazi na ya biashara yanayoletwa na jambo moja: watu sasa wanafika mahali kwa treni kwa muda mfupi kuliko zamani. Neno la kushika ni muda. Jengo la gare, hata likiwa na paa jipya na saa kubwa mlangoni, halimvuti mtu. Anavutwa na dakika anazookoa kila siku bila kubahatisha.

Sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya kuchanganya mambo hapa, maana mji wetu umezaliwa na reli. Mwaka 1910 njia iliyotoka Rhodesia ilipita Sakania ikafika huku, na mwaka 1911 kiwanda kikamimina shaba ya kwanza. Reli ikasonga hadi Bukama mwaka 1918, Ilebo mwaka 1928, na mwaka 1931 ikaungana na ile ya Angola inayokwenda Lobito. Basi kila tukisikia reli inafufuliwa, wengine wanakimbilia kununua parsele, yaani viwanja. Lakini iliyotuzaa ilikuwa reli ya madini. Gare ya mizigo huvuta depo, karakana, kambi za wafanyakazi, wauza makaa na mahindi. Nyumba za watu wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni huvutwa na gare ya abiria, na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Hesabu hiyo huanza kwa miguu. Mtu mzima hutembea karibu mita 80 kwa dakika, na wengi hukubali kutembea dakika 10 tu kwenda kupanda treni. Chora duara la mita 800 kuzunguka gare: utapata hekta 200 hivi. Toa barabara, shule, soko, kanisa na bonde lenye maji, ibaki tuseme nusu, hekta 100 za kujenga. Ukizigawa parsele za mita 20 kwa 30, zinatoka kama 1,660. Weka watu sita kila parsele, unapata watu 10,000.

Wanaonekana wengi. Sasa chukua mmoja katika kumi apande treni asubuhi: abiria 1,000. Treni ya mabehewa kumi yenye viti 80 kila moja inabeba 800. Yaani kartiye, mtaa mzima, inajaza treni moja na robo, basi. Hakuna kampuni itakayopitisha treni kila dakika 15 kwa abiria hao, na treni zikiwa chache watu wanarudi kwenye taksi-basi. Abiria wakipungua, treni zinapunguzwa tena. Kinyume chake, parsele hizo hizo zikiruhusiwa ghorofa tatu au nne, zenye familia nne mahali pa moja, watu wanafika 40,000 na treni za mara kwa mara zinaanza kujilipa. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii huuliza kwanza kibali cha kujenga kinasemaje, ndipo waulize reli ina kasi gani.

Na duara lenyewe mara nyingi si duara. Reli hukata mji. Kama upande wa pili hakuna kivuko salama, mtu aliye mita 200 kutoka gare anazunguka kilomita nzima, na nusu ya hekta zako imepotea. Daraja la waenda kwa miguu au njia ya chini huongeza abiria kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na jengo la gare lenyewe, ila halina sherehe ya kukata utepe, kwa hiyo husahauliwa.

Kipushi ni mfano mzuri wa kufikiria. Ni kilomita 30 hivi kutoka hapa, na ina tawi lake la reli. Treni ya kilomita 60 kwa saa ingetumia nusu saa. Ongeza dakika 10 za kutembea nyumbani na 10 mjini: dakika 50. Lakini treni ikiwa moja kila saa mbili na ratiba yake haiaminiki, abiria anayekwenda kubahatisha anangoja kwa wastani saa moja. Safari imekuwa dakika 110, na hakuna atakayehamia Kipushi kwa ajili hiyo. Treni chache zinazoshika saa ni afadhali kuliko nyingi zisizojulikana, kwa sababu mtu hupanga siku yake kwa saa.

Wafaransa wana mfano unaochekesha kidogo. Mwaka 1994 walifungua gare ya TGV, treni yao ya kasi, iitwayo Haute-Picardie, katikati ya mashamba, mbali na mji wa Amiens na mbali na ule wa Saint-Quentin, wakidhani mji utaifuata. Watu wakaibandika jina la gare ya viazi-sukari. Kwenye njia hiyo hiyo, Lille ilipata gare kando ya mji uliokwisha kuwa na watu, na kartiye ya ofisi na maduka, Euralille, ikasimama. Reli ni ile ile, treni ni zile zile.

Kuna pia swali la nani anakula faida. Ichizo Kobayashi, Mjapani wa Osaka, alifungua reli yake mwaka 1910, mwaka ule ule treni ilipofika kwetu, na akauza nyumba kwa malipo ya kidogo kidogo kando ya reli hiyo huko Ikeda. Bei ya ardhi ikipanda, kampuni ya reli ndiyo inayovuna. Hong Kong hufanya jambo la namna hiyo hadi leo. Huku kwetu, tangu sheria ya 1973, ardhi ni ya Serikali na mtu hupewa konsesyo, yaani haki ya kuitumia. Mwenye konsesyo karibu na gare huongeza bei siku mradi unapotangazwa, kabla hata ya taruma kulazwa. Kampuni ya reli inabaki na nauli tu. Mpangaji anaongezewa kodi kwa treni ambayo hajaipanda.

Tena mvuto huenda pande mbili. Treni nzuri kati ya Likasi na Lubumbashi ingemruhusu mtu kulala Likasi kwa kodi nafuu, na ingemruhusu pia mama wa Likasi kuja kununua vitambaa huku, duka la kule likafungwa. Ukuaji mwingi unaoonekana kando ya gare umehama tu kutoka mtaa mwingine.

Anayetaka kununua parsele karibu na reli aulize kwanza ofisi ya hati za ardhi kama imeingia kwenye ampriz, ukanda uliotengwa kandokando ya njia. Vibanda hujengwa humo miaka mingi bila mtu kusema neno, kisha reli inapokarabatiwa vinavunjwa kwanza. Halafu aende asimame kwenye gare asubuhi ya siku ya kazi, ahesabu treni za abiria.