Kuvunja kemikali za majini kwa mwanga: maswali na majibu

Nikichemsha maji, mabaki ya dawa na viuatilifu si yanaisha?
Hayaishi. Kuchemsha huua vijidudu. Kemikali nyingi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke hukolea zaidi. Kuanika chupa juani kwa muda wa saa sita nako ni kwa vijidudu.

Kichocheo cha mwanga kinafanya nini basi?
Ni unga usioyeyuka majini. Ukipigwa na mwanga, elektroni zake huchomoka, na kwa msaada wa maji na oksijeni huzaliwa chembe huria (vipande vya molekuli vyepesi kushambulia vingine), hasa za hidroksili, zinazokatakata molekuli za kemikali. Uliozoeleka ni titani dioksidi, unga mweupe unaotaka mionzi ya urujuanimno, yenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 390 hivi. Mionzi hiyo ni karibu asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Ndiyo maana watafiti wamegeukia unga wa njano: kaboni naitraidi hufika nanomita 460 hivi, bismuthi vanadeti takriban 520. Unjano wenyewe ni dalili kwamba unga unameza mwanga wa buluu.

Maabara hujaribuje?
Kwa kawaida hutiwa gramu 0.5 hadi 1 za unga kwa lita ya maji yenye kemikali. Kwanza koroga gizani dakika 30, hatua ambayo haifai kurukwa: kemikali hunata kwenye unga, na usiposubiri utahesabu iliyonata kana kwamba imevunjwa. Kisha washa taa, ukikinga mwanga wa chini ya nanomita 420. Chota sampuli kila dakika 15, tenga unga kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), ndipo upime kemikali iliyobaki. Chombo cha pili kiwe na mwanga bila unga, cha kulinganishia. Unga ukizidi, maji huwa kama uji na mwanga haupenyi.

Video zinaonyesha maji ya buluu yakiwa meupe. Yanywewe?
Hapana! Rangi ya bluu ya methilini, ile inayotiwa katika maji hayo, hupotea molekuli ikikatika sehemu moja tu. Vipande visivyo na rangi hubaki, na baadhi ya kemikali huacha vipande vyenye sumu kuliko zilivyokuwa. Isitoshe, rangi hiyo humeza mwanga yenyewe, hivyo kufifia kwake si ushahidi tosha wa kazi ya unga. Kipimo cha kuaminika ni jumla ya kaboni ya ogania, yaani kaboni yote iliyomo katika kemikali za ogania majini: isiposhuka, uchafu umebadili sura tu.

Mbona mtoni matokeo hufifia?
Majaribio mengi hutumia maji safi mno, kama ya betri. Ya mto au kisima yana bikaboneti (chumvi ya asili iliyoyeyuka majini) na mabaki ya majani yaliyooza, navyo hula chembe huria kabla hazijaifikia kemikali. Tope huziba mwanga. Oksijeni ikipungua, kazi hudorora; ndiyo sababu hewa hupulizwa ndani.

Na floraidi ya maji ya Arusha?
Hiyo haivunjiki, wala metali kama risasi au zebaki. Floraidi hunaswa, kwa mfano kwa mkaa wa mifupa. Hata PFAS, kemikali za vikaango visivyoshika, hidroksili huzishindwa kwa sababu ya kifungo cha kaboni na florini.

Ninunue unga nitie ndooni?
Usitie. Chembe zake ni ndogo mno, hupenya kitambaa na vichujio vingi vya nyumbani. Kwa viuatilifu, tumia kichujio cha mkaa amilifu (mkaa wenye vitundu vingi vinavyonasa kemikali) na ubadilishe mkaa kwa wakati. Ukishashiba, hupitisha kila kitu.