Nyumba kupasuka si uzee tu

Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuta za nyumba kuukuu zikipasuka, watu huamua haraka: bomoa, pandisha etaje ya beto (ghorofa ya zege), mambo yaishe. Mara nyingi, hata hivyo, kinachotembea ni udongo wenyewe. Mteremko wa Funu, humo humo mjini, unasogea polepole. Nyumba mpya nzito pale pale itapasuka vilevile, hasa maji ya mvua yakikosa mfereji. Tetemeko la Februari 2008, ukubwa wa 5.9, lilitikisa nyumba za zamani na mpya pia. Kwa familia, nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe, yenye kimo sawa na nyumba za majirani, si aibu hata kidogo: ni nyepesi, na hustahimili mtikisiko. Adui wake ni moto, kwa hiyo jiko likae mbali na ukuta.