Volkano ni nini? Si kila mlima, na si lazima iwe mlima

Mgeni akifika Kasese, magharibi mwa Uganda, na kuiona milima ya Rwenzori imebeba theluji, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, mara nyingi hudhani anatazama volkano. Sivyo. Rwenzori ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa pale gamba la dunia lilipopasuka kwenye Bonde la Ufa. Saa moja tu kwa gari kutoka hapo, kuelekea Katwe, atapita volkano nyingi bila kuzitambua, kwa sababu ni mashimo.

Volkano ni tundu au ufa kwenye gamba la dunia ambamo magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda na kutoka pamoja na gesi na majivu. Magma ikishafika nje huitwa lava. Kinachofanya volkano ni lile tundu. Mlima ni marundo ya vilivyotoka humo, kama yapo.

Kwa nini basi moja hutiririsha na nyingine hulipuka? Weka jikoni sufuria mbili, moja ya chai, nyingine ya uji mzito wa ulezi. Chai huchemka na mapovu yake kupasuka bila fujo. Uji hutulia, halafu ghafla hutoa pwaa! na kukuunguza mkono. Magma nayo ina gesi ndani yake. Ikiwa nyepesi, gesi hutoka kwa urahisi na lava hutambaa. Ikiwa nzito, kwa kuwa na silika nyingi (madini yaleyale yaliyo kwenye mchanga), gesi hubanwa mpaka mlima upasuke na kurusha majivu na mawe angani.

Lava nyepesi ikimwagika mara nyingi hujenga volkano ngao, pana na yenye miteremko ya taratibu. Nyamulagira, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, ni mfano mzuri. Mlima Elgon nao una upana wa namna hiyo: kitako chake ni takriban kilomita 80, na juu kuna kaldera, bonde kubwa lililobaki baada ya kilele kudidimia. Udongo wake ndio unaolisha kahawa ya Bugisu.

Volkano tabaka ni zile zenye mabega makali, zilizojengwa kwa zamu ya lava na majivu. Huku Kisoro tunazo tatu, Muhabura (mita 4,127), Mgahinga na Sabinyo, ambayo jina lake hutafsiriwa kama meno ya mzee, na ukiangalia vilele vyake vilivyochakaa huna swali. Hizi zimelala. Jirani yao Nyiragongo, kule Kongo karibu na mji wa Goma, ni hai, na inavuruga mpangilio wa vitabu: ina umbo la tabaka, lakini lava yake ni nyepesi mno. Mwaka 1977 ziwa lake la lava lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, na watu hawakuweza kuikimbia. Mwaka 2002 lava iliingia katikati ya Goma, na Mei 2021 ilishuka tena. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba lava nyepesi ni salama.

Sasa turudi Katwe. Huko magma ilipopanda ilikutana na maji yaliyo ardhini. Maji yakageuka mvuke kwa ghafla, na mvuke ukaufumua mwamba. Halikubaki koni ndefu, bali shimo la duara lenye ukingo wa vifusi, na mengi ya mashimo hayo, hadi kule Kasenda karibu na Fort Portal, leo ni maziwa. Ziwa Katwe halina mto unaotoka. Chemchemi huleta maji yenye madini, jua huyakausha, chumvi inabaki, na watu huingia majini kuivuna.