Mzee, Usiizibe Yote: Roki kwa Sikio la Fundi Spika

Korosho zikishauzwa, karakana yangu hapa Chikongola, Mtwara, hujaa spika. Sabufa za nyumbani, spika za makanisani, na yale makabati marefu ya kukodisha kwenye harusi na sherehe za unyago. Malalamiko huwa yale yale: "Fundi, inakoroma." Nafungua, nabonyeza koni, ile karatasi inayotetema, taratibu nisikie kama koili, yaani waya uliosokotwa nyuma yake, inagusa, natafuta mpasuko kwenye karatasi, natia gundi. Kazi yangu ni kuua mkoromo.

Wiki iliyopita alikuja kijana wa Ligula anayepiga gitaa kwenye kwaya. Amplifaya yake ilikuwa na spika iliyochanika. Nikamwambia ninaiziba, aje kesho. Akasita. "Mzee, usiizibe yote. Nataka gitaa lilie kama la roki." Nikaweka bisibisi chini. Nimeshika kazi hii zaidi ya miaka ishirini, na hakuna mteja aliyewahi kuniomba nimwachie ubovu. Nilianza kumweleza alichokuwa anaomba, foleni ikatukatiza. Yaliyobaki nayaandika hapa.

Wengi kwetu wakisikia roki husema ni kelele. Mimi nasema ni muziki uliouchukua ugonjwa wa spika ukaufanya sauti yake. Ukiujua ugonjwa huo, mitindo yote ya roki itaanza kujipanga masikioni mwako.

Sauti ya uzi wa gitaa, ukiichora, ni wimbi lenye migongo ya mviringo. Amplifaya nayo ina kikomo. Ukiidai nguvu kuliko umeme ilio nao, vilele vya wimbi vinakatwa na kuwa bapa. Pale vilele vinapokatwa huzaliwa sauti nyingine juu ya ile ya mwanzo, zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara tano ya mama yao. Ndizo zinazolinenepesha gitaa. Na kwa kuwa kilele kimekwisha kukatwa, uzi hata ukianza kuchoka wewe husikii kupungua. Unausikia bado unalia. Valvu za zamani, zile za kioo zinazowaka kama taa ndani ya amplifaya, hukata zikiviringa kona kidogo. Transista, vile vipande vidogo vilivyochukua nafasi yake, hukata kama panga.

Wanakwaya watalielewa hili linalofuata kuliko wengine. Piga do, mi na so kwenye gitaa safi: tamu. Piga hizo hizo kwenye gitaa linalokwaruza: tope, maana kila noti imekuja na watoto wake na watoto wanagombana. Wapigaji wa roki wakaitoa mi, wakabaki na do na so tu, ambazo watoto wao wanapatana. Mi ndiyo inayokwambia kama wimbo unacheka au unalia. Ukiitoa, unabaki na sauti nzito isiyosema lolote kati ya hayo mawili. Ule uzito wa roki unaousikia kifuani unatoka hapo.

Na kijana wangu wa kwaya asidhani yuko mbali na muziki huu. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke Mweusi aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, alikuwa akimwimbia Mungu huku gitaa la umeme likiwa begani, miaka mingi kabla ulimwengu haujamsikia Elvis Presley. Roki imetoka kanisani na kwenye muziki wa bluzi wa Wamarekani Weusi, wale waliohama mashamba ya Mississippi kwenda Chicago na Memphis, wakakuta kumbi zenye makelele kiasi kwamba gitaa kavu halisikiki.

Ubovu wenyewe unaonekana waziwazi mwaka 1951. Bendi ya Ike Turner ilisafiri kutoka Mississippi kwenda kurekodi kwenye studio ya Sam Phillips mjini Memphis, na amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ikaharibika njiani. Wasimulizi wanatofautiana kama ilianguka au ilinyeshewa. Anayesafirisha vyombo kwenye magari anajua yote mawili yanawezekana safari moja. Koni ikawa imepasuka. Wakasokomeza karatasi ndani yake ili ishike, ikatoa mkoromo, na Phillips akaupenda. Wimbo ule, "Rocket 88", wengi huuhesabu miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa za rokinroli. Nikiusikiliza, mkono wangu unatafuta gundi.

Baada ya mpiga gitaa Mmarekani Chuck Berry kuufanya muziki huo ujulikane kote kuanzia 1955, watu wakaacha kungoja ajali. Mpiga gitaa Link Wray alitoboa spika zake kwa makusudi. Mwaka 1964 huko London, Dave Davies wa bendi ya The Kinks, kijana wa miaka 17, alichukua wembe akachana koni ya amplifaya yake ndogo. Kisha mpiga gitaa Jimi Hendrix akautumia hata ule mluzi ambao sisi mafundi mitambo tunaukimbilia kuuzima maiki ikikaribia spika. Yeye aliugeuza noti, akauinamisha apendavyo.

Sasa mitindo. Metali nzito ilianzia kiwandani Birmingham, Uingereza. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine akiwa na miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza zisimuumize. Nyuzi zikilegea, sauti inashuka, na do na so zikishuka hivyo zinatisha. Kwa sikio langu, hakuna gitaa lenye huzuni ya kweli kuliko lile.

Panki, katikati ya miaka ya 1970, ilichukua mkwaruzo huo huo ikatupa madoido yote: kodi chache (yaani noti zinazopigwa kwa pamoja), mbio, dakika mbili wimbo umekwisha. Granji ya Seattle, iliyopaa 1991 na bendi ya Nirvana, ikapishanisha: beti kimya, kiitikio kinaripuka.

Bendi ya Queen nawaweka peke yao, si kwa sababu tu mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mpiga gitaa wao Brian May alichonga gitaa lake na baba yake, shingo yake ikitoka kwenye ubao wa meko ya zamani ya kuotea moto ukutani. Mpiga besi John Deacon, aliyesomea elektroniki, aliokota saketi kwenye pipa la taka za ujenzi, akaifunga kwenye kasha dogo la spika, na May akarekodi nayo kwa miaka mingi. Kila nikisimulia hili karakanani, wanafunzi wangu huangalia lile boksi la vyuma chakavu kwa jicho jingine.

Wala si lazima twende Ulaya. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake, Zamrock, bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family ya Paul Ngozi, magitaa yakikwaruza juu ya midundo ya nyumbani, wengine wakiimba kwa Kibemba na Kinyanja. Na sikio letu liliujua mkwaruzo kabla ya umeme. Ilimba ya Wagogo, kinanda chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose, huwekewa utando wa buibui kwenye tundu lake ili kila noti itoke na mvumo. Aliyebuni hilo alitaka kitu kile kile alichokitaka Davies na wembe wake.

Lakini koni ya kijana niliiziba. Mpasuko hauachwi, huendelea kutembea mpaka spika inakufa. Badala yake nimemfungia kiboksi: transista mbili, daiodi mbili za kukata vilele, betri ya volti 9. Akikanyaga swichi, gitaa linakoroma. Akikanyaga tena, linarudi safi kwa ajili ya ibada. Alikuja Jumamosi kukijaribu. Akapiga do na so, akazishikilia, akanitazama, na mwenye duka la jirani akatoka kuuliza nani kaharibu spika.