Je, Wajua Kwa Nini Mlembe Huitika Zaidi Mwito wa Kwao?

Mlembe ni ndege mdogo wa porini ambaye humlilia mrina asali, kisha huruka mbele yake kutoka mti hadi mti mpaka amfikishe penye nyuki. Yeye hutaka nta na majana, vyakula ambavyo ni vigumu kuvipata mpaka mtu awafukize nyuki kwa moshi na kupasua shina kwa shoka. Tabia yake ya kupenda nta inajulikana tangu zamani, kwani mmisionari Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala mwaka 1588, aliandika juu ya ndege walioingia kanisani kudonoa mishumaa. Kilichogunduliwa karibuni ni kwamba mlembe anaujua mwito wa watu wa mahali pake.

Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwita kwa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno, "brrr-hm", ilhali Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, nchini Tanzania, humpigia mluzi. Claire Spottiswoode, Brian Wood na wenzao walirekodi miito hiyo, wakaipiga kwa spika porini katika sehemu zote mbili, pamoja na sauti nyingine za binadamu zisizohusiana na asali. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023, yalionyesha kwamba milembe wa Wahadza waliuitika mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na wale wa Niassa waliuitika mwito wa Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi.

Mtu angedhani kinda hufundishwa na mama yake, lakini mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, kama keremkerem, na kinda wake, ambaye huanguliwa akiwa na ndoano mdomoni, huwaua makinda wa mwenye kiota. Wazazi wake hawalei kabisa. Kwa hiyo watafiti wanaona kwamba hujifunza baadaye, kwa kukutana na watu na kutambua sauti ambayo hufuatiwa na nta. Watu nao hawana sababu ya kubuni mwito mpya, kwa kuwa anayefanya hivyo hupunguza nafasi yake ya kupata asali: utafiti wa awali wa Niassa, wa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mwito wa Wayao uliongeza uwezekano wa kuonyeshwa nyuki kutoka takriban asilimia 17 hadi 54.

Malipo, hata hivyo, hayalingani. Wayao humwachia ndege nta yake, lakini Wahadza mara nyingi huchoma au hufukia masega yaliyobaki, ili abaki na njaa na aendelee kuongoza.