Je, wajua kwa nini Wambua, Nyambura na Akoth wote ni watu wa mvua?

Ukisikia jina Mwamvua, mvua inaonekana waziwazi: ni mwana na mvua, kwa mtindo uleule uliotupa Mwajuma na Mwanaidi. Wambua na Nyambura inabidi kuwamenya kidogo.

Wakamba husema mbua, Wakikuyu mbura, Wazulu kule Afrika Kusini imvula. Neno ni moja, la Kibantu. Waswahili na Wakamba tumeidondosha konsonanti ya katikati, wenzetu wameibakiza. Basi Wambua ni mvulana wa Kikamba aliyezaliwa mvua ikinyesha. Msichana ni Mumbua.

Wajaluo na Wakalenjin si Wabantu, na mvua yao ina jina jingine kabisa. Kwa Kijaluo ni koth: O ya mwanzo ni ya kiume, A ni ya kike, ndipo tukapata Okoth na Akoth. Kwa Wakalenjin mzizi ni rop. Mvulana hutanguliziwa Kip-, msichana Chep- au Jep-, ila p ya kike humezwa: Kiprop, lakini Cherop au Jerop. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1500 mwaka 2011, 2013 na 2015, ni wa mvua hiyo.

Usije ukamkisia mtu mwezi wa kuzaliwa kwa jina lake, hasa akiwa Mkikuyu. Nyambura ni mmoja wa mabinti wa Gikuyu na Mumbi katika simulizi ya asili yao (huhesabiwa tisa, ingawa ni kumi), na majina hurithiwa: binti wa kwanza huitwa kwa mama wa baba, wa pili kwa mama wa mama. Nyambura wa leo huenda alizaliwa kiangazi kikali. Mvua ni ya nyanya wa nyanya yake. Hata Okoth asiyerithi jina hakuambii kama ni masika au vuli, maana kandokando ya Ziwa Victoria mvua hunyesha karibu mwaka mzima.

Halafu kuna Wambura, jina linalowaponza makarani. Kwa Wakikuyu ni la kike. Vuka mpaka uingie mkoa wa Mara, Tanzania, kwa Wakurya, Wambura ni mwanamume. Kabla hujaandika Bwana au Bi kwenye barua, uliza.