Kuruta Anayeongoza Wenzake: Kazi Huanza kwa Kuhesabu

Mzazi aliyemaliza kidato cha sita kati ya 1994 na 2013 hakupitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, kwani mafunzo hayo yalikuwa yamesitishwa. Basi habari ikifika Tanga mjini kwamba binti amepewa kuongoza platuni kwenye kambi ya Maramba au Mgambo, nyumbani hushangilia cheo, na kazi yenyewe hakuna anayeijua.

Kuruta anayeongoza anabaki kuruta. Anakimbia mchakamchaka uleule, analima shamba lilelile. Seksheni ina watu 10 hivi, seksheni 3 hufanya platuni, na platuni 3 au zaidi hufanya kombania. Kila ngazi huwa na kijana anayepokea maagizo ya mkufunzi na kurudisha taarifa, na ni vizuri nafasi hiyo izunguke ili wengi wajifunze. Aanze na watu wachache. Hata West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa pili hukabidhiwa mmoja au wawili wa mwaka wa kwanza, miaka kabla ya kufikiriwa kuongoza kombania nzima.

Kazi kubwa ni hesabu. Platuni ya watu 30 ikiwa na 26 kwenye mstari, 2 zahanati, 1 jikoni na 1 gadi (zamu ya ulinzi), taarifa imekamilika. Ikiwa na 25 kwenye mstari, kuna mtu hajulikani alipo, na kusema “wote wapo” ni kosa zito kuliko kuchelewesha paredi. Uongo huo mara nyingi hutokana na huruma: rafiki amelala hangani (bwenini), kiongozi anamfichia. Lakini huenda aliyelala ana malaria, na saa zinakwenda.

Viongozi wa seksheni wahesabu kwa majina, kisha wampe kiongozi wa platuni idadi. Kuhesabu vichwa gizani alfajiri hudanganya, maana wa seksheni jirani huingia mstarini.

Joto la pwani, hasa Desemba hadi Machi, linadai jicho la pili. Kiongozi akimbie nyuma ya kundi. Mbele yupo mkufunzi. Anayeanza kuyumba, kujibu mambo yasiyoeleweka au kuwaka mwili asisukumwe amalizie. Asimamishwe, apelekwe kivulini, avuliwe buti na shati, amwagiwe maji na kupepewa huku mwingine akimwita mganga wa zahanati. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe maji, yanaweza kumpalia. Kiongozi anayeogopa kuonekana platuni yake ni dhaifu ndiye huchelewa hapa, na kuchelewa huko kunaua.

Kuhusu adhabu tuseme wazi: si kazi yake. Mwenzake akikosa, anaripoti. Wanaochaguliwa kwa sauti nene na kifua kipana huteleza hapa kuliko wengine; tunapendelea kijana anayejua majina 30 kufikia wiki ya kwanza.

Kosa jingine ni kuwapangia fatiki (kazi za kambini) nyepesi watu wa kwao. Dawa yake ni zamu iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni mwa hanga, jina kwa jina.

Akiondoka kwenye nafasi, akabidhi orodha ya majina, zamu, funguo, majembe na jerikeni. Wote wawili wasimame mbele ya vifaa na kuvihesabu. Jerikeni iliyotoboka iandikwe siku hiyohiyo, maana kesho yake ni deni la aliyepokea.